Jibu: Konokono mwenye vinundu vya njano, Mnemba

Salamu kutoka Arusha, ndugu yangu wa Moshi. Umeuliza kama kiumbe mweusi mwenye matuta ya buluu na vinundu vya njano, uliyemwona ukizamia Mnemba, kisiwa kidogo karibu na Unguja, ni mnyoo bapa, kwa kuwa hana matamvua (viungo vya kupumulia majini) mgongoni. Nami nilikwama hapo hapo, hadi nilipokuza picha zangu. Tazama kichwa kwanza: ukiona pembe mbili fupi za njano, kila moja ikichomoza kwenye tundu lake, huyo ni konokono wa baharini asiye na gamba, kwani mnyoo bapa ni mwembamba kama jani na pembe zake ni ukingo wa mwili uliokunjwa tu. Konokono hao wa jamii iitwayo Phyllidia huficha matamvua chini, pembeni mwa unyayo. Wako nadhani ni Phyllidia varicosa, ambaye unyayo wake una mstari mweusi katikati. Lakini tafadhali usimgeuze kwa mkono, maana hutoa sumu.