Maswali na Majibu: Kupima VVU katika Makundi Yaliyo Hatarini Zaidi

Tunaambiwa maambukizi ya VVU Zanzibar ni chini ya asilimia 1, lakini nimesikia pia asilimia 19. Nishike lipi? (Msomaji, Wete)

Yashike yote mawili, kwa kuwa hayawahusu watu wale wale. La kwanza ni la watu wazima wote wa Unguja na Pemba, nalo hutokana na upimaji wa nyumba kwa nyumba. La pili, yaani asilimia 19.3, ni makadirio ya utafiti wa 2011 hadi 2012 kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono Unguja; kwa wanaojidunga dawa za kulevya, kipindi hicho hicho, makadirio yalikuwa asilimia 11.3. Anayetangaza wastani wa visiwa peke yake anawaficha wale hasa wanaopaswa kufikiwa mapema.

Watu hawa hujificha. Wapimaji huwapataje? (Msomaji, Michenzani)

Hawapatikani kwa kupigiwa hodi. Kijana aliyefukuzwa kwao akawa analala maskani hayumo katika orodha ya kaya, na hata aliyemo hatasema kwamba anajidunga ilhali mama mkwe yuko chumba cha pili. Kwa hivyo hutumika njia ya kualikana wenyewe kwa wenyewe, ambayo mwanasosholojia Douglas Heckathorn wa Marekani aliieleza mwaka 1997. Huanzwa na watu wachache wanaoaminiwa na wenzao, wanaoitwa mbegu. Kila mmoja, akishajibu maswali na kutolewa damu, hupewa kuponi chache, kwa kawaida tatu, zenye namba bila jina, naye huzigawa kwa anaowajua. Wanaokuja nazo hupimwa na kupewa zao, mpaka mnyororo ufike mbali na wale walioanza.

Limo swali moja katika dodoso ambalo wengi hulipita haraka, nami naliona ndilo uti wa mgongo wa kazi yote: unawajua wangapi wanaojidunga hapa mjini, ambao nao wanakujua? Mwenye kujuana na watu hamsini angeweza kualikwa na yeyote kati yao, ilhali mwenye kujuana na watatu alikuwa karibu kukosekana kabisa. Wachambuzi huyapa majibu ya huyu wa pili uzito mkubwa zaidi, ili wapweke wasimezwe na wanaojulikana na kila mtu. Msaili akilijaza swali hilo kwa kukisia, asilimia nzima inayumba.

Kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume, utafiti wa 2007 ulitoa asilimia 12.3, na wa baadaye 2.6. Je, si ushindi? (Mwanafunzi, Chake Chake)

Nakuomba usishangilie bado. VVU havitoki mwilini, kwa hiyo kiwango hushuka pale wenye maambukizi wanapofariki, kuhama au kuacha mwenendo huo, au pale wanapoingia vijana wengi ambao hawajaambukizwa. Inawezekana pia kwamba mnyororo wa mara ya pili ulipita kwa watu wengine kabisa. Linganisha kwanza umri wa waliopimwa, mitaa yao na mbegu zilizoanza. Na kinyume chake ni hivyo hivyo: kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono kiwango kilipanda kutoka asilimia 10.8 mwaka 2007 hadi hiyo 19.3, lakini dawa za kufubaza virusi huwaweka watu hai, na kila anayeishi huendelea kuhesabiwa. Anayetaka kujua kama kinga inafanya kazi atafute maambukizi mapya.

Mwanangu amealikwa kwa kuponi. Jina lake halitafika polisi? (Mzazi, Mwera)

Utafiti unaofuata maadili hauandiki jina, bibi. Namba ya kuponi ndiyo inayounganisha maelezo yake na majibu ya damu. Anaweza kukataa swali lolote au kuondoka katikati. Akikutwa na maambukizi, ni haki yake kuelekezwa kwenye matibabu, na kama anatumia heroini, huduma ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, ipo Kidongo Chekundu, mjini Unguja.

Je, takwimu hizi zinatuhusu sisi Wapemba? (Msomaji, Mkoani)

Si moja kwa moja. Tafiti zote mbili zilizotajwa hapa, ule wa 2007 na ule wa 2011 hadi 2012, zilifanyika Unguja, na kuponi inayotoka mkononi mwa mtu wa Mjini huishia kwa jirani zake wa huko huko. Kuichukua asilimia ya Unguja na kuipangia bajeti ya Pemba ni kubahatisha. Zinahitajika mbegu za Wete, Chake Chake na Mkoani, na wasaili ambao wenyeji wanawaamini.