Manjaniki Yangu Iliniua Mwenyewe

Juzi msomaji mmoja wa Mbagala kaniandikia kuhusu manjaniki, zile mashine za kurushia mawe kwenye gemu ya vita ya kompyuta: "Kaka, manjaniki zangu zinakufa kabla hazijarusha hata jiwe la tatu. Wewe huwa unafanyaje?" Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka abiria wa pembeni akasogea. Hajui kwamba Jumamosi iliyopita, kwenye ukumbi mmoja Sinza, mbele ya watu kama 30, nilichapwa kwa mkono wangu mwenyewe.

Gemu ni ile ile, Age of Empires II, iliyotoka mwaka 1999 na wengine tunazeeka nayo. Nilikuwa naongoza. Farasi wangu walishamzingira jamaa, alibakiwa na kajeshi ka kuhesabu. Ningesubiri kidogo angekubali mwenyewe. Lakini watu walikuwa wanaangalia, nikataka nimalize kwa mbwembwe, nikaleta mangonel tatu, aina mojawapo ya manjaniki, nyuma ya askari wangu. Wanaocheza wameshajua kilichofuata. Mangonel haina ndugu. Jiwe likitua linampiga adui na yeyote aliyesimama naye. Jamaa akafanya kitu kidogo tu: akaingiza watu wake katikati ya wangu. Mashine zikaendelea kurusha. Nilipozishika, nusu ya jeshi langu lilikuwa chini, na ukumbi mzima unapiga meza. Kijana mmoja huko nyuma akaniita "Mjomba Manjaniki". Jina hilo mpaka leo linatembea kwenye kundi letu la WhatsApp. Limeniuma, sitajifanya halijaniuma.

Ugonjwa huu ninao tangu Temeke, utotoni. Tulikata panda ya mpera, tukafunga mpira wa tyubu ya baiskeli na kipande cha ngozi ya kiatu kilichokufa, manati tayari. Windo letu kunguru, maana Dar unaweza kukosa maji, kunguru humkosi. Mwenzangu alikuwa anavuta, anatulia, anaachia. Mimi wakishakusanyika watazamaji wawili tu nimeshaachia, na jiwe limeshaingia dirishani kwa jirani. Alichonifanya bibi siku ile tukiache.

Neno manjaniki lenyewe nililisikia madrasa, kwenye kisa cha Nabii Ibrahim kurushwa motoni. Kumbe ni ndugu wa mangonel, yote mawili asili yake Kigiriki. Hilo nimelijua Jumamosi hiyo hiyo usiku, maana usingizi uligoma nikabaki na simu.

Ndipo nikakutana na trebuchet, aina nyingine ya manjaniki, zile za kweli za kwenye historia. Mti mrefu umewekwa juu ya mhimili: upande mfupi kuna sanduku zito la mawe au udongo, upande mrefu kuna kombeo. Sanduku likishuka, mkono unapaa na jiwe linaondoka. Wamongolia waliuzingira mji wa Xiangyang, Uchina, tangu 1268, na ukuta hausikii. Mwishowe mtawala wao, Kublai Khan, akaletewa mafundi wawili Waislamu kutoka magharibi, Ismail na Ala al-Din, wakamjengea mashine hizo, na mji ukasalimu amri mwaka 1273. Miaka mitano! Mimi dakika tano zilinishinda.

Aliyeninyima usingizi zaidi ni Mfalme Edward I wa Uingereza. Mwaka 1304, pale ngome ya Stirling, Uskoti, alijengewa trebuchet kubwa iliyoitwa Warwolf. Waliokuwa ndani wakataka kujisalimisha. Akakataa, akawaacha humo humo mpaka mashine yake ijaribiwe. Huyo ndiye mimi wa Sinza kabisa, tofauti yeye alishinda.

Sasa ndugu yangu wa Mbagala, ushauri. Linda mashine. Kwenye gemu trebuchet inakula mbao 200 na dhahabu 200, na ikishafunguliwa tayari kurusha haitembei, kwa hiyo ukiipeleka bila watu wa mikuki farasi wawili tu wanaimaliza. Ifungulie mbali, inafika mbali kuliko mishale ya ngome. Mangonel, watu wako wakikaribiana na adui, izuie, au elekeza jiwe kwenye ardhi nyuma ya adui. Na linda mashine. Narudia kwa sababu najua hutasikia, hata mimi niliambiwa.

Na tusidanganyane kwamba ni mambo ya gemu tu. Mjini hapa mtu hajapata mteja wa kwanza ameshachapisha fulana za kampuni. Hajamaliza msingi ameshapiga picha na fundi. Tunapenda kurusha jiwe watu wakiwa wanatazama, halafu likiwaangukia wa kwetu tunasema tumelogwa. Vijana, tulieni! Shikeni mpira, vuteni pumzi, mwacheni kunguru atue kwanza.

Marudiano ni Jumamosi ijayo, ukumbi ule ule. Njoo, nafasi ipo, soda nitakununulia. Ila ukiniita lile jina mbele za watu, tutakosana.