Lengo la asilimia 65 "wasome kwa kiwango": linatoka wapi, na mtoto wako yuko wapi humo

Dada mleta uzi, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema wilaya ya elimu mnakoishi huko Marekani imeleta barua kwamba lengo la mwaka huu ni asilimia 65 ya watoto wa darasa la tatu wasome kwa kiwango. Wiki hiyohiyo ripoti ya mtihani wa jimbo ikasema binti yako "anakaribia kiwango", wakati kwenye ripoti ya mwalimu wake ana A ya kusoma. Unauliza nani anadanganya. Hadanganyi mtu. Ni karatasi tatu zinazojibu maswali matatu, na hakuna aliyekaa chini akakueleza ipi inajibu lipi.

Nimefundisha shule ya msingi huku miaka kumi na moja, na mitatu kati ya hiyo nilikuwa kwenye kamati ya wilaya inayopendekeza hayo malengo. Niliingia kwa bahati tu. Walikuwa wanatafuta mtu anayeweza kuongea na wazazi wageni, nikanyoosha mkono kabla sijajua kwamba vikao vinaanza saa kumi na mbili jioni na kwisha saa nne usiku.

Tuanze na nani anaamua. Huku hakuna mtihani mmoja wa taifa unaompa kila mtoto alama. Jimbo ndilo linaloweka viwango na kutunga mtihani. Wilaya za elimu, ambazo ni zaidi ya 13,000 nchi nzima, zinajiwekea malengo ndani ya mipaka hiyo, na mara nyingi bodi inayoyapitisha ni watu wa kawaida waliochaguliwa kwa kura. Serikali kuu iliingia kwa nguvu mwaka 2002, Rais George W. Bush aliposaini sheria ya No Child Left Behind. Ikaamriwa kila mtoto apimwe kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, kisha mara moja akiwa sekondari. Na ifikapo mwaka wa masomo wa 2013–14, watoto wote, asilimia 100, wawe wamefika kiwango. Hakuna jimbo lililofika. Desemba 2015 Obama akasaini sheria iliyochukua nafasi yake, Every Student Succeeds Act. Kupimwa kila mwaka kukabaki, lakini malengo yakarudishwa mikononi mwa majimbo, kwa sharti kwamba matokeo yachambuliwe kwa makundi: watoto wa kipato cha chini, wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza, na kwa rangi na asili. Sharti hilo la makundi nalipenda. Wastani ni blanketi pana, unafunika mengi.

Sasa hiyo namba yenyewe. Yenu ni 65, yetu mwaka wangu wa kwanza ilikuwa 60, lakini nadhani mapishi ni yaleyale, kwa hiyo nikupeleke jikoni. Tumekaa maktaba ya shule, kwenye viti vya watoto, magoti yako karibu na kidevu. Afisa wa takwimu anaonyesha ukutani: mwaka jana tulipata 54, na lengo la jimbo la miaka saba mbele ni 75. Anachukua tofauti, anaigawa kwa miaka, anapata tatu kwa mwaka. Kwa hiyo 57. Mjumbe mmoja wa bodi akakunja uso, "Hamsini na saba itaonekana kama tumekata tamaa. Tuweke sitini." Vichwa vikatikisika. Ikawa sitini. Nikawa nasubiri mtu aulize hao sita wa ziada katika kila mia ni akina nani, wanakwama wapi, na nani atakaa nao. Hakuuliza mtu. Mimi mwenyewe sikuuliza, nilikuwa mgeni nikanyamaza, na hadi leo najilaumu.

Halafu hilo neno "kiwango". Watu hudhani ni kitu kilichopo duniani, kama nyuzi joto ambazo maji huchemka. Ni mstari ambao watu waliuchora. Njia mojawapo inayotumika sana ni hii: walimu wanakusanywa, wanapewa kijitabu chenye maswali ya mtihani yaliyopangwa kuanzia jepesi hadi gumu, na kila mmoja anachomeka kikaratasi pale anapoona mtoto aliyefika kiwango kwa shida angeanza kuyumba. Wanajadiliana, wanaonyeshwa watoto wangapi watabaki chini ya mstari huo, wengine wanasogeza vikaratasi vyao, kisha jimbo linaidhinisha. Ni kazi ya watu makini, siibezi. Ila kila jimbo linachora mstari wake, na kuna majimbo yanayochora chini kweli. Kipimo kinachofichua hilo ni NAEP, ambacho huchukua sampuli ya watoto wa darasa la nne na la nane nchi nzima na hakitoi alama ya mtoto wala ya shule yoyote. Ukilinganisha mistari ya majimbo na kipimo hicho, unaona kwamba mtoto yuleyule anaweza kuwa "amefika" kwenye jimbo hili, na familia ikihamia jirani akawa "hajafika", bila kusahau hata neno moja njiani.

Ukishajua kwamba lengo lote linahesabu watu waliovuka mstari, utaelewa kinachotokea shuleni kuanzia Januari. Kwetu kulikuwa na ukuta kwenye chumba cha walimu, kadi moja kwa kila mtoto: nyekundu walio mbali chini, njano walio chini ya mstari kidogo, kijani waliovuka. Mkuu wa shule, mtu mwema kabisa, alisimama mbele ya kadi za njano akasema, "Hawa ndio mwaka wetu." Basi masomo ya ziada, mwalimu msaidizi na vikundi vidogo vyote vikaenda kwa njano. Hesabu yake ilikuwa sahihi! Mtoto wa njano akipanda alama mbili anavuka, asilimia inasogea. Mwekundu akipanda alama arobaini na bado yuko chini ya mstari, mchango wake kwenye lengo ni sifuri. Wanauchumi wawili, Derek Neal na Diane Whitmore Schanzenbach, walilionyesha jambo hili kwa takwimu za shule za Chicago: waliopanda walikuwa watoto wa katikati, wale wa chini kabisa hawakuambulia kitu. Kubana lengo zaidi kunaweza kuleta mabaya zaidi. Atlanta, uchunguzi wa jimbo la Georgia mwaka 2011 ulikuta udanganyifu kwenye shule 44, walimu na wakuu wa shule 178 wakatajwa, baadhi walikuwa wakifuta majibu ya watoto na kuandika yaliyo sahihi.

Nina mtoto mmoja simsahau, simtaji jina. Alikuja kwangu darasa la nne, familia imetoka kambini, nyumbani wanaongea Kiswahili cha Kongo. Tuna kipimo kidogo cha kusoma kwa sauti: dakika moja, saa mkononi, mtoto anasoma na wewe unapiga mstari juu ya neno alilokosa. Septemba alisoma maneno 31 sawasawa. Alifika kwenye neno la Kiingereza la kisu, knife, akalisoma "ka-ni-fe", kidole chini ya kila herufi. Kwani amekosea? Kwenye lugha yake kila herufi inafanya kazi yake, haipo inayokaa bure. Mei tukarudia. Maneno 88. Neno lilelile likatokea kwenye hadithi nyingine, akasita, akaniangalia, akairuka ile K kimyakimya huku anacheka. Ripoti ya mtihani wa jimbo ilipotoka: "hajafika kiwango". Mwaka uliotangulia iliandika hivyohivyo. Mama yake alinishikia zile karatasi mbili akauliza, "Mwalimu, mwaka mzima mmefanya nini?"

Swali hilo ndilo nililoingia nalo kamatini mwaka wa pili. Tukapendekeza lengo liwe na miguu miwili. Mguu wa kwanza ubaki ule wa waliovuka mstari, maana nao una haki yake: mtoto asiyeweza kusoma vizuri darasa la tatu atapata tabu kwenye sayansi na historia, na huwezi kumpongeza kwa kupanda milele bila kufika. Mguu wa pili uwe ukuaji, yaani watoto wangapi wamepanda kiasi kinachotarajiwa kwa mtoto aliyeanza alipoanzia yeye. Vifaa tayari tulikuwa navyo. Wilaya nyingi hupima kwenye kompyuta mara tatu kwa mwaka, mwanzo, katikati na mwisho. MAP Growth kwa mfano inatumia rula moja isiyobadilika kwa madarasa yote, kwa hiyo unaweza kusema mtoto alikuwa hapa, sasa yuko pale. Kwa wanaojifunza Kiingereza kuna kipimo cha WIDA kinachotumika kwenye majimbo mengi: kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, kuanzia 1 hadi 6. Yule kijana wangu alikuwa amepanda kwenye vipimo vyote hivyo, na hakuna hata kimoja kilichokuwa ndani ya lengo la wilaya.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kutaka vipimo vya katikati ya mwaka. Matokeo ya mtihani wa jimbo hutoka mtoto ameshafunga shule, pengine ameshapanda darasa. Kama daktari anakuletea majibu ya damu ulishahama mji. Kipimo cha Januari, hata kama si kizuri sana, kinakuta bado una miezi minne na huyo mtoto. Kwetu Januari ndiyo iliyotufanya tuweke orodha ya mahudhurio pembeni ya zile kadi. Kwa hesabu inayotumika huku, mtoto anayekosa asilimia 10 ya siku za masomo, yaani siku 18 kwa mwaka wa siku 180, anahesabiwa mtoro sugu, awe mgonjwa au mzima. Kadi kadhaa tulizodhani zina tatizo la kusoma zilikuwa na tatizo la basi.

Na mtu akikuonyesha kwamba darasa la tatu limepanda kutoka 54 hadi 58, muulize kwanza kama ni watoto walewale. Mara nyingi siyo: wa mwaka jana wako la nne sasa, hawa ni wengine. Kwenye darasa la watoto 25 kila mtoto ni asilimia nne. Wawili wakiamka na homa siku ya mtihani wakaanguka chini ya mstari, asilimia nane zimeondoka na hakuna mwalimu aliyefundisha vibaya.

Sasa binti yako. A ya mwalimu inasema amefanya vizuri yale aliyofundishwa na kupewa muhula huu, mara nyingi pamoja na kazi za nyumbani na bidii. "Anakaribia" inasema siku ile, kwenye mtihani ule, alikuwa chini ya mstari wa jimbo. Hiyo 65 haimhusu yeye kama yeye, inahusu wilaya. Usiishie kwenye neno, tafuta alama yenyewe kwenye ripoti na uone iko mbali kiasi gani na mstari. Ripoti nyingi pia huonyesha kiasi ambacho alama ingeweza kupanda au kushuka kama angerudia mtihani. Ikiwa mstari umo ndani ya nafasi hiyo, basi kati ya "anakaribia" na "amefika" hapana tofauti ya kukukosesha usingizi. Kisha angalia vipengele: hadithi, makala za taarifa, msamiati. Watoto wetu wengi wanasoma hadithi vizuri na kukwama kwenye makala, kwa sababu maneno ya pale hayaongelewi nyumbani. Mwalimu wake muulize jambo moja tu: Septemba alikuwa wapi, na leo yuko wapi, kwa kipimo kilekile. Akikuonyesha namba mbili na kukueleza anachofanya katikati yake, mwachie kazi. Akianza kukusomea lengo la wilaya, omba kikao kingine na mtaalamu wa kusoma awepo. Mkalimani ni haki yako, usione haya kumwomba.

Wadau wa majimbo mengine mtanisahihisha pale utaratibu wenu ulipo tofauti.

Ah, pendekezo letu la miguu miwili. Lilipita mwaka wangu wa tatu, kura nne kwa tatu, baada ya mjumbe mmoja kusema ukuaji ni kisingizio cha walioshindwa. Kwenye barua ya wazazi ile 60 ikakaa juu kwa herufi nene, na mstari wa ukuaji wakaupeleka ukurasa wa pili, chini ya tarehe za likizo. Igeuze na hiyo yako uangalie nyuma.