Waulizeni wanaokula nami sinia moja

Mhariri, swali lenu la wiki, "Upasuaji wa kupunguza unene: ni tiba au mkato wa wavivu?", limenichoma. Mimi ni fundi cherehani, nipo Tabata, na upasuaji huo nimefanyiwa. Jibu langu ni fupi: si mkato. Hapo nimemaliza. Sasa niwajibu swali ambalo hamkuliuliza na ndilo linalotutesa: ukishapunguzwa tumbo, utakulaje na watu?

Maana kula peke yako hakuna tabu. Uko chumbani na kibakuli chako na kijiko cha chai, nani atakuona? Na hospitalini wanakueleza kila kitu. Mimi nilifanyiwa ule wa kulipunguza tumbo lenyewe. Wanaondoa sehemu kubwa, robo tatu na zaidi, linabaki bomba jembamba. Hiyo sehemu wanayoiondoa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, ndiyo maana miezi ya mwanzo unaweza kusahau kabisa kwamba hujala. Wanapitia matundu madogo, hivyo hakuna kovu la kutisha watoto. Ila hawakuachi ulale. Bado umejishika tumbo, nesi huyo, "Mama, amka utembee," mnapiga hatua koridoni damu isije ikaganda miguuni.

Halafu kunaanza kunywa. Wiki za mwanzo ni supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi, tena funda moja moja na kupumzika. Kisha vya kupondwa, kisha vilaini, ndipo urudi kwenye vya kutafuna. Nimekula mtori mpaka nikaichukia ndizi. Wanataka ufikishe gramu 60 za protini kwa siku, au zaidi, na yai moja lina kama gramu 6. Piga hesabu mwenyewe, kwa tumbo linaloshiba yai moja. Kwa hiyo unaanza na samaki, dagaa, maharage, ugali unakaa pembeni kusubiri zamu, na mara nyingi zamu haifiki. Maji hayanywewi na chakula, mpaka nusu saa ipite. Vitamini, madini ya chuma, kalsiamu na B12 ni maisha yako yote, kopo likiisha unanunua jingine. Hata diklofenaki, ambayo sisi mafundi tunakimbilia duka la dawa kwa ajili ya mgongo, nikaambiwa niiache, inaleta vidonda kwenye tumbo lililobaki. Aliyeuona uvivu hapo anioneshe na mimi.

Lakini yote hayo hayakunitoa jasho kama hitma ya Kigamboni.

Ukweni kwangu ni Mjimwema. Ilikuwa hitma ya baba mkwe, na mimi nilikuwa kwenye mwezi wa nne tangu nipasuliwe. Kule hakuna aliyejua zaidi ya mume wangu. Tuliwaambia nimetolewa mawe kwenye nyongo. (Na mtu akipungua kwa kasi, mawe hayo yanaweza kumpata kweli. Daktari alinipa vidonge vya kuyazuia, nikawa navimeza huku nacheka peke yangu.) Nywele zilikuwa zinatoka kwa mafungu. Ni kawaida kuanzia kama mwezi wa tatu, na huota tena, lakini utasimama ukweni kuwaeleza akina nani? Mtandio ukanisitiri. Dera nililovaa nililipunguza mwenyewe bila kukata kitambaa, maana sikuamini bado kama mwili ule utakaa, basi mishono ya ubavuni ilikuwa imerundikana kwa ndani, mmoja juu ya mwingine, inanikwaruza kila nikiinama.

Nilipotoka kwenye pantoni nilikuwa nimeshajiandaa kwa maswali. Dar hii, mtu mnene akipungua ghafla watu wana majibu matatu tu: ana sukari, au mume hamlishi, au amekanyaga waya, yaani ana virusi. Jibu la nne halijaingia mjini. Wakati nina kilo zangu 130 makonda walikuwa wananiambia, "Mama kaa katikati gari lisilale," na abiria wote wanacheka, nacheka nao. Nilipoanza kuisha hakuna aliyecheka tena. Wifi yangu mkubwa aliniamkia, akanikumbatia, mkono ukapita mgongoni ukitafuta nyama, usizione. "Wifi, mbona umekuwa hivi?" Nikamwambia nyongo. Akasema, "Nyongo," kisha akamtazama mwenziwe.

Baada ya dua likaja sinia. Sasa wasomaji wa bara nyie mna sahani zenu, mtu anajichotea, anajiketia pembeni, akibakiza hajulikani. Sinia ni mahakama. Tulikaa watano tumelizunguka, nami nikapangwa na shangazi yake mume wangu, mkubwa wa ukoo, mwenye kazi ya kugawa nyama. Biriani limerundikwa, rojo juu yake, kachumbari pembeni, nyama ya mbuzi katikati. Kila mtu anakula upande wake, na upande wako unaonekana. Wenzangu walishafika kwenye bati, kwangu bado mlima.

Nilikuwa na mbinu zangu. Unachukua punje chache kwa ncha za vidole. Unazikandakanda. Unatafuna mpaka hakuna kilichobaki mdomoni. Unauliza habari za shule ya watoto, na wakati mwenzio anajibu wewe unasukuma wali kidogo kidogo kuelekea upande wa jirani. Mezani kwa watu wanaopenda maneno unaweza kwenda hivyo mpaka mwisho. Shangazi hapendi maneno wakati wa kula. Akachukua pande la nyama, akalivunja, akanitupia kwangu lile la mafuta, lenye mfupa. "Kula, mwanangu. Umekwisha."

Mkono wa mkubwa haurudishwi. Nikalichukua, na kwa kuwa alikuwa amenikazia macho, nikalila kama wanavyolila wao.

Niwaeleze inavyokuwa kitu kikikwama, maana wanaoita huu mkato hawajawahi kuambiwa. Hukabwi, pumzi unayo. Ila kuna kitu kimesimama hapa katikati ya kifua, kinabana, hakiendi mbele wala nyuma. Mdomo unajaa mate mazito yenye povu, na huwezi kumeza hata hayo mate yako mwenyewe. Unatabasamu kwa macho. Wifi yule akanisogezea soda, "Teremsha, wifi." Kunywa juu yake ndiyo kuharibu kabisa. Nikanyanyuka na wali bado mkononi, nikakimbilia uani nyuma ya simtanki, pale wapishi walipokuwa wanakwangua ukoko. Nikatapika povu, na kipande kile.

Kikapita kimya kidogo. Halafu mpishi mmoja akasema, "Alaa! Kumbe!" Na mwingine, Mungu amsamehe, akapiga kigelegele kwenye hitma ya watu, wakamziba mdomo. Hata sijamaliza kusukutua, habari ilishavuka kwenda upande wa wanaume, na huko barazani mume wangu anashikwa mkono na wazee. Maskini, hajui anapongezwa kwa lipi, anaitikia tu. Na sisi daktari ametukataza mimba kwa mwaka mzima na zaidi, mpaka uzito utulie, mtoto asije akanyimwa lishe tumboni. Upande wa pili, jikoni, nasikia wanaonong'ona ile habari nyingine, ya waya. Kwa hiyo nimesimama uani nina mambo mawili ya kuchagua, mimba au ugonjwa, na yote mawili sina.

Ndipo mama mkwe akaja. Akawaondoa wale wapishi kwa macho tu. Akanishika mkono tukaingia chumbani kwake, akafunga mlango, akaniuliza taratibu, "Nyongo, au umekatwa tumbo?"

Nikabaki nimeduwaa. Akasema ameshasikia habari hizo kwenye redio, habari za hospitali ya Mloganzila na lile puto la tumboni, na kwamba mtu wa nyongo hatafuni punje tano za wali robo saa nzima. Nikamwambia ukweli: mimi si puto, puto linaingizwa kwa mdomo bila kisu na baada ya miezi linatolewa, mimi langu limekatwa na halirudi. Nikasubiri matusi. Akasema, "Ungeniambia, ningekuwekea kisahani chako."

Akatoka. Nikamsikia akimwambia shangazi kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwacheni mkwe wangu, ana dawa, ana masharti. Hali kwenye sinia." Kukawa shwari papo hapo. Hakuna aliyeuliza dawa gani. Sisi watu wa Pwani mtu akiambiwa ana masharti ya dawa hahojiwi. Miezi yote ile najificha na kukandakanda punje, kumbe njia ilikuwepo na kila mtu anaijua. Kisahani kikaletwa, kile cha chini ya kikombe, samaki changu amechambuliwa miiba, vijiko vitatu hivi. Nikala nikashiba, mlango umefungwa, yeye amekaa kitandani anahesabu hela za wapishi.

Najua nimeandika mno habari za sinia. Lakini nikiyasoma haya niliyoandika, naona jibu langu la mwanzo limeanza kulegea, na sitaki kuwadanganya.

Kabla ya upasuaji nilishafanya kila kitu. Limao na maji ya moto. Chai za kupunguza tumbo za Kariakoo, zilizonikimbiza chooni tu. Kutembea alfajiri, kuacha chapati, kuacha wali, kuacha kula usiku. Zilitoka kilo, zikarudi na wageni. Baada ya upasuaji kiuno kilichokuwa inchi 52 nikakipima kwa futi yangu mwenyewe kikaniachia mkia mrefu wa futi mkononi. Sukari ikashuka mpaka daktari akanipunguzia metformini. Magoti yakanyamaza, nakanyaga cherehani tangu asubuhi. Sasa hicho kama si mkato ni nini? Barabara ya Mandela ikifunga jioni, dereva yeyote wa Tabata mwenye akili anaingia vichochoroni, na hakuna anayemwita mvivu. Anajua tu kwamba huko kuna mashimo, na gari ni lake.

Basi sawa, ni mkato. Kinachoniuma ni wavivu.

Na mashimo yapo. Nyama inakwama, lakini soda haikwami, wala aiskrimu, wala chipsi zilizolainika kwa tomato. Wapo waliopasuliwa wakarudi kule kule kwa kunywa vitamu kutwa nzima. Ngozi haifuati mwili: mikono yangu ya juu inaning'inia, na kila gauni ninalojishonea sasa lina mikono mirefu, na Dar mnalijua joto lake. Kiungulia kimenianza, sikuwa nacho zamani. Wenzetu waliofanyiwa ule wa kuunganisha utumbo, wakila sukari kidogo tu wanatoka jasho, moyo unaenda mbio, wanakimbilia chooni. Na ni gharama, si ya siku ile tu. Vipimo vya damu, vidonge, samaki kila siku kwa bei hizi za Feri.

Mdogo wangu anaishi Mbagala, ananiona nimevaa vizuri, naye sasa anautaka. Kila siku ananipigia. Na mimi niliyeanza barua hii nimewakalia kooni wanaoita mkato, nimemwambia hapana. Yaani, si hapana ya moja kwa moja. Yeye kilo zake ni za uzazi wa juzi, sukari hana, presha hana. Vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango mwaka 2022: BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ya 35 kwenda juu hata bila ugonjwa, na kuanzia 30 mtu akiwa na maradhi kama kisukari. Yeye hata 30 hafiki, nimempima urefu kwa futi na uzito tumekwenda kupimia duka la dawa. Mimi si daktari. Inawezekana nina wivu tu, sitaki tuwe wawili. Lakini mtu anayeweza kula sinia na watu, akashiba, akacheka, akasukuma na maji ya baridi, amekosa nini kikubwa mpaka akakatwe?

Nimemwambia atulie mpaka mtoto aache kunyonya, apime sukari, akaonane na mtaalamu wa lishe, na akishindwa kabisa aulizie lile puto kwanza. Akikwama kote huko na daktari akamkubalia, nitamsindikiza, nitalala naye wodini. Vitamini atanunua mwenyewe.