Mshahara umekatika: maswali yenu na majibu yangu

Tangu masika yaanze hapa Zanzibar, barua ninazoletewa ni za jambo moja tu: mmoja katika nyumba kapoteza kazi ghafla. Hizi hapa ni sita.

Bi Mkubwa, assalaam alaykum. Bwana wangu alikuwa mhudumu wa hoteli Kiwengwa. Kapunguzwa kazi wiki ya tatu hii, nami nimeyasikia kwa mke wa mwenzake. Bado anaamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa sare, anatoka. Nimwambie kwamba najua? (Mama wa watatu, Jang'ombe)

Waalaykum salaam, mwanangu. Mwambie, tena leo hii, watoto wakishalala. Usimwulize kwa nini alikuficha. Hilo linamchoma kila akipanda daladala. Sema tu: "Nimesikia ya kazini. Pole. Tukae tuhesabu." Akisikia "tuhesabu" atajua hukuja kumshitaki.

Mwaka 2020, watalii walipokatika kwa ajili ya corona, bwana wangu naye alirudi na mfuko wa nguo zake za kazi akasema yuko likizo. Nilimwacha aseme hivyo mwezi mzima, nikidhani namsitiri. Mwezi ule tulikula nyama kila Ijumaa kama zamani, tukachangia harusi mbili, akiba ikamalizika huku tunaoneana haya. Stara ni ya kuwazuilia watu wa nje. Mnaolala kitanda kimoja mkifichana, inayoteketea ni ile akiba ambayo ingewavusha.

Mkishasemezana, chukueni daftari. Andikeni kwanza kilichomo ndani: mchele, unga, fedha mkononi, na mnachowadai watu. Kisha kinachotoka: kodi, chakula, umeme wa Tukuza (ule wa kulipia kabla), nauli za watoto, dawa. Chakula, kodi na dawa havisogezwi. Vyengine vyote vipunguzwe mwezi huu huu, msingoje akiba iishe. Ada ya skuli binafsi ikiwashinda, wahamisheni watoto skuli ya Serikali bila kuona haya. Elimu bure ilitangazwa hapa tangu Septemba 23, 1964, na wengi wetu tumetoka huko. Michango ya harusi nayo isimame. Nenda mwenyewe ukachambue mchele na ukoroge masufuria. Hakuna harusi ya kwetu inayokataa mikono.

Na huyo bwana arudi hotelini mara moja zaidi. Achukue barua ya kupunguzwa kazi, adai malipo ya siku alizofanya, ya notisi na ya likizo ambayo hakwenda. Wakimzungusha, aende Kamisheni ya Kazi mapema. Kazi si jambo la Muungano: tunayo Sheria yetu ya Ajira, Nambari 11 ya 2005, kwa hiyo asimfuate jamaa wa Dar es Salaam anayemweleza taratibu za bara. Apite na ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, aangalie kama michango aliyokuwa akikatwa imefika kweli.

Nimelipwa milioni mbili na laki nne nilipoachishwa kazi ya jikoni katika hoteli moja Nungwi. Shemeji yangu ananishauri ninunue bodaboda iliyotumika. Mke wangu anasema tuziweke. Nyumba yetu inatumia kama 550,000 kwa mwezi. Nimsikilize nani?

Mkeo, kaka. Nyumba yenye matumizi hayo itakula 2,200,000 katika miezi minne. Ukitoa hizo, unabaki na laki mbili. Umeandika Aprili, mvua ziko juu, na hoteli za kaskazini huanza kujaa tena kuanzia Juni, ndipo zinapotafuta watu. Basi fedha hizo ni daraja la kukufikisha huko. Ukinunua pikipiki sasa utazunguka kwenye matope bila abiria, utadaiwa bima na matengenezo, na mwezi wa pili utaiuza kwa hasara ili watoto wale.

Ziweke mahali ambapo hazikai mfukoni wala kwenye simu. Kila tarehe mosi jilipe laki tano na nusu, kama unavyopokea mshahara, usiguse tena mpaka mwezi mwengine. Zile laki mbili zinazobaki, anza na moja. Wewe ni mpishi. Supu, chapati na maharage barazani asubuhi, watu hula hata mvua ikinyesha, na kazi hiyo unaijua kuliko unavyojua pikipiki. Uza wiki mbili. Ukiona faida, ongeza ile ya pili.

Nalima mwani Paje. Bwana wangu fundi, kampuni yao ya ujenzi imemsimamisha. Ndugu zake wanasema fedha zangu sasa ni za nyumba. Ni wajibu wangu?

Si wajibu wako, mdogo wangu, na ndugu zake hawana la kusema juu ya mkoba wako. Matumizi ni juu ya mume, na mali ya mke ni ya mke. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi visiwani, matumizi ya mke yasiyotolewa hubaki deni juu ya mume. Kama mna mvutano, kadhi yupo.

Hayo ndiyo ya haki. Ya moyo ni mengine. Zaynab, mke wa Ibn Masud, aliuliza kama anaweza kumpa mumewe sadaka, na Mtume (S.A.W.) akamjibu kwamba ana malipo mawili, ya udugu na ya sadaka. Mimi nilitoa ile 2020, na ningetoa tena. Ila semeni kabla hujatoa: hii ni zawadi au ni mkopo? Kama ni mkopo, uandikwe na uwe na mashahidi, kama inavyoagiza Sura al-Baqara aya ya 282. Nimeona ndoa zilizohimili njaa zikaja kuvunjika mume alipopata kazi, kila mmoja akikumbuka lake.

Na fedha ya kamba na vigingi vya mwani isiguswe kwa hali yoyote. Bamvua lijalo, maji yakitoka sana, likikukuta huna kamba, nyumba itakuwa imepoteza kazi mbili.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa chekechea binafsi, Wete, skuli imefungwa. Yumo katika mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, wa watu 12, 40,000 kila mwezi, na alishapokea mwezi wa tatu. Imebaki miezi mitano. Tuache?

Hapana, kaka. Alishapokea 480,000. Laki mbili zilizobaki ni za wanawake waliongoja zamu zao kwa imani. Aende kwa kijumbe, yule anayekusanya fedha za mchezo, wiki hii, kabla ya siku ya kutoa, aombe atoe 20,000 kwa mwezi na laki moja inayobaki ailipe baada ya mchezo kufungwa. Wengi hukubali, kwa sababu amekuja mwenyewe. Karafuu zikishika, kuchambua ni kazi ya barazani na malipo yake yatasaidia kuziba hilo.

Mkopo wa benki ulikuwa unakatwa kwenye mshahara wa bwana. Sasa?

Nendeni benki kabla tarehe ya rejesho haijapita, na barua ya kupunguzwa kazi mkononi. Ombeni kurefushiwa muda, na someni mkataba kama una bima na inagusa nini. Msikope kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ili kulipa benki, nakuombeni sana. Deni likiwaelemea, kumbukeni kwamba wenye madeni ni miongoni mwa makundi manane ya zaka katika Sura at-Tawba aya ya 60. Mwelezeni sheha, kiongozi wa Serikali mtaani kwenu, ulizeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Mama mkwe anapokea Pensheni Jamii, na bwana hana kazi. Tumwombe atusaidie?

Pensheni ile, iliyoanza 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ni yake. Msimwombe. Mwambieni tu hali ilivyo, maana sufuria ameshaiona imepungua, kisha mnyamaze. Akitoa kwa hiari yake, pokeeni kwa mikono miwili, na dawa zake zinunuliwe kwanza.