Nywele nzito, mafuta kila siku, na bado zinakatika

SWALI: Shikamoo mama. Niko Ujiji. Nywele zangu ni nyingi, nzito, za kipilipili, na sijawahi kuzitia dawa. Kila Jumapili naziosha kwa sabuni ya kipande na maji ya ziwani, zikikauka nazipaka mawese, kisha nazichana. Asubuhi naongeza mafuta. Bado ni kavu, chanuo linajaa vipande, na urefu umegota shingoni mwaka wa pili huu. Nikate nianze upya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkasi uweke kwanza. Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, na zako zinakua, ila ncha zinakatika kwa kasi ileile. Ukikata na kuendelea na utaratibu huo, mwakani utaniuliza swali hilihili.

Umeandika "zikikauka nazipaka". Hapo ndipo penye shida. Mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake kubwa ni kuzuia unyevu usitoke. Ukiyapaka juu ya unywele mkavu, unakuwa umeufungia ukavu wake. Tena unywele wa kipilipili umejikunja kona nyingi, kwa hiyo mafuta ya asili ya kichwani hayafiki nchani, na kila kona ni mahali dhaifu. Chanuo likipita pakavu, hapo ndipo panapokatika.

Sabuni nayo inachangia. Unywele hupenda asidi kidogo, wakati sabuni ya kipande, ya mawese ya hapa kwetu au ya dukani, ina pH (kipimo cha asidi; ikipita 7 si asidi tena) ya 9 hadi 10. Maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yanakaribia 9. Magamba ya unywele yanainuka na kunasana, na sabuni ikikutana na madini ya maji inaacha utando unaofanya nywele ziwe nzito na zikose mng'ao. Tafuta shampuu. Kama haijapatikana wiki hiyo, suuza sabuni yote, kisha malizia kwa lita 1 ya maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha siki (usitumie kama kichwa kina vidonda).

Kuhusu mawese sina ugomvi nayo, ila yanachafua mto na kola bila faida kubwa. Jaribu mafuta ya mise. Yanatoka kwenye chikichi hilohilo, ila mawese hukamuliwa kwenye nyama ya tunda na mise kwenye kiini. Karibu nusu ya mafuta ya kiini ni asidi ya lauriki, kama ilivyo kwenye nazi, na asidi hiyo ndiyo inayoyasaidia mafuta ya nazi kupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Ndiyo maana nataka uyapake kabla ya kuosha. Chagua yasiyo na harufu kali ya kuungua.

Jumamosi jioni gawa kichwa mafungu 8, paka mise toka katikati hadi ncha, funga mabutu, lala na kitambaa. Jumapili osha fungu moja moja bila kufumua yote. Shampuu iende kwenye ngozi ya kichwa, povu litashuka lenyewe. Kisha paka kondishena nyingi, kaa nayo dakika 10 hadi 15, na hapo ndipo uchane, kwa vidole kwanza, halafu chanuo la meno mapana, ukianzia nchani na kupanda kidogo kidogo hadi kwenye shina. Hii ndiyo iwe siku pekee ya kuchana katika wiki. Suuza, kausha kwa kuminya na tisheti kuukuu ya pamba, na nywele zikiwa bado na unyevunyevu paka kondishena kidogo ya kubaki (ile isiyosuuzwa), halafu matone ya mafuta juu yake.

Mtindo: sokota mbilimbili, au suka uzi. Mimi napendelea uzi kwa nywele kama zako, kwani unazinyoosha bila moto, na ukifumua baada ya siku chache unapata afro iliyoumuka vizuri. Katikati ya wiki nyunyizia maji tu juu ya mtindo. Usiku vaa satini. Msusi akikaza mpaka paji la uso linauma au vipele vinatoka, fumua siku hiyohiyo. Nywele za pembeni zikivutwa miaka mingi huenda zisirudi. Ukiona mabaka yenye magamba au sehemu zilizopukutika duara, nenda hospitali, huenda ni mapunye, na mapunye hayaponi kwa mafuta.

Anza wiki hii, na kila Jumapili angalia kinachobaki kwenye chanuo. Unywele mrefu wenye kijishina cheupe umedondoka kwa muda wake, na kudondosha 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Kipande kifupi kisicho na kijishina kimekatika. Hesabu hivyo vifupi kwa wiki nane, kisha niandikie.