Paneli ya "Class A" haiungui? Swali kutoka Arua

Swali: Mhandisi, salamu kutoka Arua. Nataka kufunga sola mwenyewe kwenye nyumba yangu ya mabati, paneli sita za wati 550. Muuzaji mmoja ana paneli anazosema ni Class A, haziungui, pamoja na reli za alumini za kubebea paneli, zilizopimwa kwa moto, lakini bei yake inaumiza. Fundi wa kuchomelea hapa jirani atanitengenezea fremu ya vyuma kwa nusu ya pesa hizo. Jiko letu ni la nyasi, liko hatua chache kutoka nyumba kubwa. Nichague nini?

Jibu: Ndugu yangu, jiko umelitaja mwisho, lakini mimi limenishtua kwanza. Nitalirudia baada ya kuiweka sawa hiyo "A" ya muuzaji.

Sokoni kuna A tatu, na wauzaji wengi wanazichanganya bila hata nia mbaya. Ya kwanza ni "Grade A". Hiyo ni sifa ya seli, vile vipande vya ndani ya paneli vinavyotengeneza umeme, kwamba hazina nyufa wala madoa. Ya pili utaikuta kwenye kibandiko cha nyuma, hasa cha paneli za miaka ya nyuma: "Application Class A". Hiyo inatoka kwenye IEC 61730, kiwango cha kimataifa cha usalama wa paneli, na inahusu usalama wa umeme: paneli yenye volti za hatari imekingwa vya kutosha kufungwa mahali ambapo watu wanaweza kuifikia. Moto haumo. Ya tatu ndiyo unayoitafuta, na kibandiko chake hutaja neno "Fire" waziwazi. Geuza paneli ujisomee. Ukikuta "Fire Class C" usiogope, paneli nyingi zenye kioo mbele na plastiki nyuma ziko hapo.

Na hata A ya moto haina maana ya "haiungui". Ni kipimo cha paa, cha Kimarekani. Wanaweka kijinga cha moto, yaani kipande kinachowaka, juu ya paa na kuangalia kama litawaka: kwa A ni rundo la mbao linalowaka la kilo 2 hivi, kwa C ni kipande cha gramu 9 tu. Halafu wanapima ndimi za moto zinatambaa umbali gani. Majaribio ya huko yalionyesha jambo ambalo muuzaji wako hakukwambia: paa zuri likiwekewa paneli juu, ile nafasi ya kati hunasa joto na kuvuta hewa kama bomba la moshi, na moto husambaa zaidi. Ndiyo maana daraja la moto, yaani hiyo A au C, sasa hutolewa kwa paneli, reli na mteremko wa paa vikiwa pamoja. Reli peke yake haina daraja la kukuuzia.

Kwa hiyo fremu ya jirani yako usiidharau. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, chuma kinahitaji zaidi ya mara mbili ya hapo. Mradi kiwe chuma kilichopakwa zinki au kilichopakwa rangi vizuri ya kuzuia kutu, na kila mahali fremu ya alumini ya paneli inapokutana nacho weka raba, la sivyo vitakulana. Kuchomelea kufanyike chini, kumalizike, ndipo fremu ipande. Cheche juu ya paa lenye dari ya mbao sizitaki kabisa. Fremu ya mbao usikubali hata ukipewa bure. Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya bati na paneli, na kila miezi michache utoe majani na viota vya ndege na panya, maana hicho ni kiwashio cha moto kilichokaushwa tayari.

Pesa utakayookoa kwenye reli, iweke kwenye nyaya. Hapa ndipo nyumba zinapoungulia. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba yenye paneli safi kabisa, ila konekta mbili za kampuni tofauti zilikuwa zimeshikizwa pamoja kwa sababu "ziliingiana". Plastiki ilikuwa imeyeyuka na bati chini yake limeungua jeusi. Umeme wa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani, hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche yake hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli hautulii hata mara moja. Cheche ikianza huendelea kama ya kuchomelea, na jua likiwaka huwezi kuizima paneli. Ukiunga paneli tatu tatu kwa mfululizo utakuwa na volti kama 150 juu ya paa. Tumia konekta za aina moja pande zote, zikandamizwe kwa koleo lake maalumu, waya wa sola wa milimita 4 au 6 za mraba usiogusa ukingo wa bati, na breka iliyoandikwa DC, yaani ya umeme wa paneli. Breka ya kawaida ya nyumbani haiwezi kuikata cheche hiyo. Fremu zote zipate waya wa ethi. Kuunganisha na umeme wa nyumba mwachie fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya umeme ya Uganda.

Sasa jiko. Kiangazi cha Desemba hadi Februari huko kwenu nyasi zimekauka na upepo una nguvu. Kipande cha nyasi kinachowaka kikirukia paa lako, hicho ndicho kijinga cha kwenye kipimo, na sehemu dhaifu ni ile plastiki ya nyuma. Kama bajeti inaruhusu, chukua paneli za kioo mbele na nyuma. Kila moja inazidi kilo 30, kwa hiyo kagua kwanza mbao zinazobeba mabati. Kama hairuhusu, funga zile za kawaida kwenye mteremko wa paa usiotazama jiko, na kabla ya Desemba liezeke jiko lenyewe kwa mabati. Kwa nyumba yako, bati za jiko zitafanya kazi kubwa kuliko reli yoyote ya yule muuzaji.